Una kisukari? Usiishie kuuliza sukari, uliza na presha

Kila tunapozungumzia kisukari kwenye kipindi cha afya, meseji zinazoingia studio zinafanana. Mtu anaandika sukari yake ya asubuhi bila kusita: 6.8, 9, 14. Ukimuuliza presha, jibu huwa "waliniambia iko kawaida" au "ilikuwa juu kidogo lakini sijisikii vibaya." Na swali linalorudi kuliko mengine ni hili: kama sukari yangu imeshuka, kwa nini nesi ananiongezea dawa ya presha wakati hata kichwa hakiniumi?

Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe ni la kuokoa figo na macho ya mtu. Utafiti wa kitaifa uliofanyika hapa Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu asilimia 26 wana shinikizo la juu la damu, yaani presha ya kupanda, na asilimia 9 wana kisukari. Lakini magonjwa haya hayagawani watu kwa usawa. Yanapenda kukaa nyumba moja. Miongoni mwa wenye kisukari aina ya pili, kile cha ukubwani, zaidi ya nusu wana presha pia, na wengi wao hawajui.

Mpira wa bustani na chujio la chai

Fikiria mpira wa kumwagilia bustani. Ukiwa mpya, maji yakija kwa nguvu unatanuka kidogo, yakipungua unarudi. Uache juani misimu miwili, unakakamaa na kuanza nyufa. Sukari inayokaa juu kwa miaka inaifanyia mishipa ya damu kile jua linachoufanyia mpira. Sasa juu ya mishipa iliyokakamaa ongeza presha, yaani damu inayosukumwa kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Mmoja anadhoofisha ukuta, mwingine anaupiga. Ndiyo maana mtu mwenye yote mawili yuko kwenye hatari kubwa kuliko mwenye moja.

Mishipa inayoumia mapema ni ile midogo kabisa. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Chukua chujio la chai, mimina taratibu, majani yanabaki. Mimina kwa nguvu kila siku kwa miaka, matundu yanapanuka na majani yanaanza kupita. Kwenye figo kinachopita ni protini, ambayo ilitakiwa ibaki kwenye damu. Nyuma ya jicho hali ni hiyo hiyo: vimishipa vinavuja, mtu anaanza kuona kama kuna ukungu. Miguuni damu inafika kwa shida, kidonda kidogo cha jembe au mwiba kinakaa miezi. Kwenye mishipa mikubwa, matokeo ni kiharusi na shambulio la moyo.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachouma kikiwa kinaanza. Tumezoea kusema "presha imenipanda" tukiumwa kichwa au tukikasirishwa na mtu. Mawazo na hasira huipandisha kwa muda, ni kweli. Lakini presha inayoharibu figo ni ile inayokaa juu mchana na usiku, ukiwa unacheka, ukiwa umelala, na mwenye nayo anaweza kulima ekari nzima asihisi kitu.

Tofauti ya pointi kumi

Kuna utafiti mkubwa wa Uingereza ambao matokeo yake yalitoka mwaka 1998, na ninaupenda kwa sababu ni rahisi kuuelewa. Walichukua watu 1,148 wenye kisukari aina ya pili na presha. Kundi moja walibanwa zaidi kwenye presha, wastani wao ukawa 144 kwa 82. Kundi la pili hawakubanwa sana, wastani ukawa 154 kwa 87. Tofauti ya pointi kumi tu kwenye namba ya juu. Baada ya miaka zaidi ya minane, kundi lililobanwa lilikuwa na vifo vinavyotokana na kisukari pungufu kwa asilimia 32, na kiharusi pungufu kwa asilimia 44.

Dawa walizotumia hazikuwa za ajabu. Zilikuwa kaptoprili na atenololi, vidonge vya siku nyingi ambavyo hata hapa kwetu vinajulikana.

Namba yako ni ngapi

Kipimo cha presha kina namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu moyo unapobana na kusukuma, ya chini ni pale moyo unapolegea kabla ya pigo linalofuata. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi kwenye vipimo vya siku tofauti, hiyo ni presha. Kwa mwenye kisukari lengo la matibabu ni kali zaidi: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka namba ya juu iwe chini ya 130, na miongozo mingi inataka ya chini iwe pungufu ya 80.

Kwa hiyo ukisikia "138 kwa 88, si mbaya", usinyanyuke haraka. Kwa jirani yako asiye na kisukari huenda si mbaya. Wewe uliza: "Kwa kuwa nina kisukari, mimi tunalenga ngapi?" Mzee sana, au mtu anayeanguka anguka, daktari anaweza kumwekea lengo la juu kidogo, na hilo si uzembe. Muhimu uwe na namba yako unayoijua kama unavyojua ya sukari.

Na hakikisha umepimwa vizuri, maana hapa ndipo vipimo vingi vya vijijini vinapoharibika. Mtu ametembea kilomita saba, au ameshuka kwenye bodaboda kwenye barabara ya makorongo, anafika, anaitwa, mkanda unafungwa juu ya sweta huku anajibu maswali. Namba itakayotoka hapo si ya kuaminika. Kaa dakika tano kwanza. Egemeza mgongo, miguu yote chini, usikunje nne. Mkono uwekwe juu ya meza usawa wa moyo, mkanda ugusane na ngozi. Uwe umekojoa, na nusu saa kabla usiwe umevuta sigara, umenusa ugoro wala kunywa kahawa. Wakati mashine inafanya kazi, nyamaza. Ipimwe mara mbili. Kama mkono wako ni mnene, omba mkanda mpana, kwa sababu mwembamba hutoa namba ya juu kuliko ukweli. Kumwambia nesi haya kwa heshima si ukorofi: "Naomba nipumzike kidogo kwanza, nimetembea sana."

Mashine ya nyumbani inasaidia, ile ya kufunga juu ya kiwiko, si ya kwenye kifundo cha mkono. Najua si kila kaya inaweza kununua. Lakini kikundi cha VICOBA chenye wanachama ishirini kinaweza kununua moja, ikakaa kwa mtu mmoja mwaminifu, kila mwenye presha akapita asubuhi kupima na kuandika kwenye daftari au kwenye simu. Hata kitochi kina sehemu ya kuandika ujumbe ukauhifadhi.

Jambo moja linalowahusu wenye kisukari zaidi: kama unapata kizunguzungu ukinyanyuka kitandani au kwenye kigoda, sema. Kisukari cha muda mrefu huweza kuumiza neva zinazosaidia damu kupanda kichwani unaposimama. Waombe wakupime ukiwa umekaa, kisha ukiwa umesimama. Kuongeza dawa bila kujua hilo kunaweza kukuangusha.

Dawa: usiache kwa sababu imefanya kazi

Hili ndilo jambo linalowaangusha watu wengi kuliko hata kukosa dawa. Mtu anatumia vidonge miezi miwili, anapimwa, anaambiwa 126 kwa 78. Anafurahi, anarudi nyumbani, anaacha. "Nimepona presha." Hajapona. Namba imeshuka kwa sababu kidonge kipo mwilini. Kikiondoka, presha inarudi kimya kimya, na safari hii hana habari kwa sababu hana sababu ya kwenda kupima. Kipimo kizuri ni taarifa kwamba dawa inafaa, endelea nayo. Kupunguza kunawezekana kwa wengine, hasa waliopungua uzito, lakini ni daktari anayepunguza.

Wenye kisukari wengi huhitaji zaidi ya aina moja ya dawa ya presha. Usihesabu vidonge ukadhani umezidiwa. Dozi ndogo za dawa mbili mara nyingi hufanya kazi vizuri kuliko dozi kubwa ya moja.

Ukitazama boksi, kama jina la dawa linaishia na "pril", kama kaptoprili au enalaprili, hiyo ni ya kundi linalopewa kipaumbele kwa wenye kisukari ambao mkojo wao una protini, kwa sababu hupunguza ule msukumo ndani ya vichujio vya figo. Baadhi ya watu inawapa kikohozi kikavu kisichoisha. Wengine wanazunguka miezi wakitibiwa mafua na kifua wakati chanzo ni kidonge. Ukikohoa hivyo, usiache kimya kimya. Rudi useme, kuna kundi la ndugu yake linaloishia na "sartan", kama losartani, ambalo kwa kawaida halina kikohozi hicho. Ukivimba midomo, ulimi au uso baada ya kumeza dawa ya "pril", hiyo ni dharura: acha kidonge na nenda hospitali sasa hivi. Makundi haya mawili hayatumiwi pamoja, na mama mjamzito au anayepanga kubeba mimba hatakiwi kuyatumia kabisa, aseme mapema abadilishiwe.

Amlodipini ni nyingine mtakayoikuta sana. Inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Inasumbua, na wengi hudhani figo zimekufa. Mwambie mhudumu, ataangalia ni dawa au ni kitu kingine. Zile za kuongeza mkojo, mezeni asubuhi, msihangaike na choo usiku. Atenololi na propranololi zina tahadhari yake: zinaweza kuficha mapigo ya moyo kwenda mbio na kutetemeka, dalili ambazo mwenye kisukari huzitegemea kujua sukari imeshuka sana. Jasho kwa kawaida hubaki. Ukitumia dawa hizo pamoja na insulini au glibenklamidi, ukiona umelowa jasho bila sababu, pima sukari, na kama huna kipimo kunywa kitu cha sukari haraka.

Ukipata kuhara au kutapika kwa siku nzima, usiendelee kumeza vidonge vyote kama kawaida bila kuuliza. Mwili ukikauka maji, dawa za "pril", za "sartan", za kuongeza mkojo na hata metformini zinaweza kuumiza. Piga simu au nenda zahanati siku hiyo hiyo, wakuambie ipi usimamishe kwa muda na lini urudie. Vivyo hivyo kwa anayetaka kufunga Ramadhani: nenda kliniki wiki kadhaa kabla, mpangilio wa vidonge na insulini unabadilishwa, si wa kukisia mwenyewe.

Kuhusu kukumbuka, mimi ni mtu wa redio na nitavutia kwangu: weka vidonge karibu na redio, meza ukisikia taarifa ya habari ya saa moja asubuhi. Kama umeme au betri ni tatizo, weka kengele kwenye simu. Na piga picha ya maboksi yako yote. Ukifika hospitali nyingine ukiulizwa "unatumia dawa gani", "kile cheupe kidogo" si jibu linalosaidia.

Msimu wa kilimo ndio tunaopoteana na kliniki. Tarehe inaangukia siku ya kupalilia, mtu anasema nitaenda wiki ijayo, dawa zinaisha, wiki inakuwa miezi mitatu. Mwambie mhudumu mapema, mwezi Oktoba au Novemba, kwamba unaelekea shambani. Kama hali yako imetulia, omba dawa za muda mrefu kidogo. Ikitokea zahanati haina dawa yako, uliza inapatikana wapi na jina lake ni lipi ukanunue, usichukue ya jirani kwa kuwa naye ana presha. Dawa ya jirani ilichaguliwa kwa figo za jirani.

Dawa za mgongo

Nimeitenga sehemu hii kwa makusudi. Baada ya siku mbili za jembe, mgongo unauma, mtu anapita dukani anachukua diklofenaki. Kesho tena. Inafika wiki, inafika mwezi. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hufanya mwili ushikilie chumvi na maji, hupandisha presha, na hupunguza damu inayofika kwenye figo. Kwa mtu mwenye kisukari anayetumia pia kidonge cha "pril" au "sartan" pamoja na cha kuongeza mkojo, mchanganyiko huo wa dawa tatu unaweza kuzizima figo ndani ya siku chache. Na muuzaji hatajua hayo kama hukumwambia una magonjwa gani.

Kwa maumivu ya kawaida omba parasetamoli, na usizidishe dozi iliyoandikwa. Ukiingia duka lolote la dawa, sentensi ya kwanza iwe: "Mimi nina kisukari na presha." Hata kwa mafua, maana baadhi ya vidonge vya kuzibua pua hupandisha presha. Prednisoloni, ambayo watu hupewa kwa mzio na pumu, hupandisha sukari na presha vyote viwili. Wakati mwingine ni lazima itumike, lakini daktari ajue hali yako.

Chumvi, na magadi

Mwenye kisukari anaambiwa sana kuhusu wanga na sukari. Chumvi inasahaulika. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyopikiwa. Pima siku moja: hesabu chumvi ya mboga ya mchana, ya usiku, ile ya kuchovya mhogo au embe bichi, ya mahindi ya kuchoma, gawanya kwa waliokula. Wengi watashangaa.

Kuna chumvi isiyoitwa chumvi. Sisi wa Dodoma na Singida tunaijua: magadi. Tunatia kwenye mlenda uvutike, kwenye maharage yaive haraka. Kinachopandisha presha kwenye chumvi ni sodiamu, na magadi yamejaa sodiamu. Kwa hiyo mtu anaweza kujisifu ameacha chumvi ya mezani huku kila jioni anakula kijiko cha magadi. Maharage loweka usiku kucha, mwaga maji, pika na mapya. Yataiva bila magadi na kuni zitapungua. Mlenda unavutika hata kwa magadi kidogo sana, na wapo wapishi wanaoupika bila kabisa. Najua mama mkwe hatakubali siku ya kwanza. Punguza nusu, baada ya wiki chache ulimi unazoea.

Samaki wa chumvi walowekwe, maji yamwagwe, walowekwe tena. Vidonge vya kuunga mchuzi navyo ni chumvi iliyobanwa. Ukitia hicho, usitie chumvi. Tumia kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, nyanya nyingi. Watu huuliza kuhusu choya. Maji ya choya yanaweza kushusha presha kidogo, lakini si badala ya dawa, na ile inayouzwa kwenye chupa za plastiki stendi imekorogwa sukari nyingi, kwako haifai. Choya kavu, maji moto, bila sukari.

Pombe nyingi hupandisha presha, iwe ya dukani au ya mtama. Kwa anayetumia insulini au glibenklamidi, kunywa bila kula kunaweza kumshusha sukari usiku hadi akapoteza fahamu na watu wakadhani amelewa tu. Sigara na ugoro, acha. Nikotini hubana mishipa ambayo tayari ni myembamba.

Ukifika kliniki, ulizia na haya

Angalau mara moja kwa mwaka mwenye kisukari anatakiwa apimwe mkojo kuona kama una protini, apimwe damu kuangalia kazi ya figo, kipimo kinaitwa kreatinini, aangaliwe nyuma ya jicho, na avue viatu miguu ikaguliwe. Mkojo unaweza kupimwa hata kwenye kituo kidogo kwa kijiti cha kuchovya. Protini ikionekana mapema, presha ikabanwa, figo zinaweza kuhimili miaka mingi. Ikionekana miguu ikiwa imeshavimba, mazungumzo yanahamia kwenye kusafisha damu kwa mashine mara mbili tatu kwa wiki, kwenye hospitali iliyo mbali, kwa gharama ambayo imeuza mashamba ya watu.

Mwisho, zipo hali ambazo hazisubiri siku ya kliniki. Presha ikisoma 180 kwa 120 au zaidi, pumzika dakika tano, pima tena. Ikibaki hapo, tafuta matibabu siku hiyo hiyo hata kama hujisikii vibaya. Ikiambatana na kifua kubana, kukosa pumzi, macho kupoteza nuru au kichwa kuuma kwa namna ambayo hujawahi kuumwa, ondoka kwenda hospitali sasa hivi. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukilegea, maneno yakikwama, hicho ni kiharusi hata kama kinatulia baada ya nusu saa. Asipewe chakula wala maji, anaweza kupaliwa. Asipewe kidonge cha presha chini ya ulimi. Kushusha presha ghafla kunaweza kuunyima ubongo damu iliyobaki. Mpimeni sukari kama kipimo kipo, kwa sababu sukari iliyoshuka sana inaweza kufanana na kiharusi. Tafuteni usafiri, mtu mmoja achukue picha za maboksi ya dawa, na mwandike saa ambayo dalili zilianza, maana ndilo jambo ambalo daktari atauliza kwanza.